Muuaji Ambaye Hatukumwona

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nataka kuandika riwaya ya upelelezi, nianzie wapi?" Ndugu yangu, na wenzako wote mnaoota kuona majina yenu kwenye jalada, nitawajibu kwa kisa cha likizo yangu.

Mwezi wa nane nilipanda basi hapa Dodoma kwenda Kondoa kwa shangazi. Nilibeba riwaya mpya ya upelelezi, nene, inayosifiwa na kila mtu. Shangazi macho hayamsaidii tena, kwa hiyo jioni nilikuwa namsomea huku yeye akipeta alizeti. Siku ya pili alikuwa ameshanogewa. Nikifika kwa mlinzi wa ghala, ungo unasimama. "Huyo mlinzi huyo! Kwa nini kila akiulizwa anaanza habari za mvua?" Mimi nilimshuku mke mdogo. Tukabishana hadi chai ikapoa.

Usiku wa tano tukafika mwisho. Muuaji ni pacha wa marehemu, karudi kutoka ng'ambo, katajwa kwa mara ya kwanza zikiwa zimebaki kurasa 11. Na zile habari za mvua? Hazikuguswa tena. Shangazi alikaa kimya, kisha akauliza, "Huyu katokea wapi? Mbona hatukumwona?" Akachukua ungo wake akaingia ndani.

Swali lile lilinichoma. Mwaka 2019 mchapishaji mmoja alinirudishia muswada wangu wa kwanza, kazi ya miaka mitatu, kwa sentensi moja tu: msomaji hakupewa nafasi ya kumjua mhalifu. Nilikasirika, nikaufungia kabatini. Inaniuma mpaka leo, maana hakuna aliyekaa nami akanionyesha kosa liko wapi. Shangazi kanionyesha kwa maneno matano.

Basi sikieni. Mleteni muuaji mapema. Mkalisheni barazani, mpeni chai, msomaji amzoee. Ficheni maana ya jambo, msifiche jambo lenyewe. Tangu mwandishi Muhammed Said Abdulla atuletee mpelelezi Bwana Msa na kiko chake katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, riwaya yetu ya upelelezi imesimama juu ya mtu anayetazama, anayeuliza, anayefikiri. Msomaji naye anataka kufikiri. Kakupa jioni zake tano, na jioni hazirudishwi! Ukimletea pacha wa ng'ambo mwishoni, umemdhulumu. Mimi siku hizi naanza na sura ya mwisho, halafu narudi nyuma kupanda dalili, moja moja. Narudia: muuaji aje mapema.

Muswada nimeutoa kabatini. Pacha hakuwemo, lakini alikuwemo binamu, na binamu huyo sasa anaonekana tangu sura ya pili, anafunga mbuzi. Desemba narudi Kondoa nao. Nikimaliza sura ya tano nitanyamaza, nisikie shangazi anamtaja nani.