TV mbovu: mdai yule aliyepokea pesa zako

Pesa zangu zimerudi. Zimerudi zote, bila kukatwa hata shilingi ya fundi, kutoka duka lile lile lililoniambia mbele ya wateja wengine kwamba nchi hii haina sheria ya kurudisha TV. Tangu jamaa na majirani wasikie habari hii, simu yangu haitulii. Huyu TV yake imezima, yule friji haigandishi, mwengine birika la umeme limeungua kabla mwezi haujaisha, na karibu wote walikuwa wameshaikubali hasara wakanyamaza. Mimi sikunyamaza, na najivunia hilo waziwazi. Kila mtu anayedunduliza shilingi zake ili nyumba yake ipendeze anastahili kujua niliyoyajua.

TV ile nilimnunulia baba. Amestaafu bandarini, macho yamepungua nguvu, na raha yake iliyobaki ni kandanda. Agosti 2025 mashindano ya mpira ya CHAN yalikuwa yanachezwa hapa kwetu Kenya, na pia Tanzania na Uganda, na nilitaka awaone Harambee Stars kwenye skrini kubwa. Nikanunua ya inchi 43 katika duka moja katikati ya mji wa Mombasa, ambalo jina lake sitalitaja. Kijana wa dukani aliitoa kwenye katoni, akaiwasha, akanionyesha rangi na sauti, akaniita dada yangu kila neno la tatu, akapiga muhuri kwenye risiti. Tarehe 3 tuliitazama Kenya ikiifunga DR Congo, na mzee alifurahi nilivyokuwa sijamwona siku nyingi.

Tarehe 10, Kenya ikiongoza bao moja dhidi ya Morocco, mstari mwembamba wa kijani ukajichora kutoka juu hadi chini ya skrini. Mpira ulipokwisha, mistari mingine ilikuwa imeshaungana nao. Usiku ule ule niliwasha kamera ya simu, nikaipiga video TV ile, nikaituma kwa WhatsApp ya duka pamoja na picha ya risiti na maneno machache: TV mliyoniuzia ina kasoro, siikubali, nataka nyingine au pesa zangu. Maneno hayo machache ndiyo yaliyokuja kunisaidia kuliko hasira zote nilizozitoa baadaye.

Niliporudi dukani sikuwa dada yangu tena. Nilipewa majibu, moja baada ya jingine, kila nikilivunja moja wanatoa lingine: stima ya kwenu ndiyo iliyoiharibu, waranti haihusu skrini, soma risiti, imeandikwa bidhaa ikiuzwa hairudishwi, basi nenda kwa kampuni yenyewe Nairobi. Nilitoka nikitetemeka. Mpaka leo nikikumbuka yule meneja alivyonipa mgongo nikiwa katikati ya sentensi, moyo hunichoma.

Nawaeleza majibu yale yanavyojibiwa, kwa sababu nina hakika mtayasikia pia.

La stima, muulize fundi asiyekuwa wa duka. Mimi nilimwita wa mtaani kwetu, mtu aliyezeekea kazi hiyo. Akaniambia umeme ukizidi kwa kawaida huunguza bodi ya pawa, na TV haiwaki kabisa. Mstari wa kusimama kwenye skrini, bila ufa wala alama ya kugongwa, mara nyingi hutoka kwenye viunganishi vidogo vya skrini yenyewe, pale pembeni. Nikamwomba ayaandike hayo kwenye karatasi, aweke tarehe na sahihi. Sikumruhusu aifungue, maana ukiifungua tu wameshapata sababu ya kukukana.

La risiti ndilo lililonikera zaidi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Katiba hiyo, ndugu zangu, tuliipigia kura wenyewe. Kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Hiyo inamhesabu muuzaji kuwa amekuhakikishia ubora hata kama hakutamka neno, na maneno yoyote ya mkataba yanayojaribu kuifuta dhamana hiyo ni batili. Kwa hivyo ile sentensi iliyochapwa chini ya risiti haina nguvu mbele ya TV mbovu. Inaweza kukuzuia ukitaka kurudisha kitu kizima kwa sababu umebadili mawazo au hukupenda rangi. Kasoro ni jambo jingine kabisa. Hata waranti ya duka, iwe ya mwezi au mwaka, inaongezwa juu ya haki hiyo, haiipunguzi.

Wakasema pia kwamba niliipima dukani nikaridhika. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inalijua hilo: ukikagua kitu kabla ya kununua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Sasa ukaguzi wa dakika chache pale kaunta ungefichuaje mstari ambao ulikuwa haujatokea?

Na hili la kwenda kwa kampuni, naomba mlishike kwa mikono miwili. Mimi sikuuziana na kiwanda. Pesa zangu zilipokelewa na duka, na mkataba wangu ni na duka. Wao wakitaka kumdai aliyewauzia, huko ni kwao. Usikubali kupakizwa basi na katoni ya TV kwenda kutafuta kampuni huku aliyekula pesa yako amekaa kwenye feni.

Yaliyofuata yalikuwa kwenda na kurudi, na hayana ladha ya kusimulia. Mwishowe niliandika barua ya madai: nilinunua nini, lini, kwa bei gani, kasoro ni ipi, nataka nini, na mwisho wa kujibu ni lini. Nikaipeleka mwenyewe na nakala yangu nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Nilitaja kwamba nitalalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo kazi yake ni pamoja na kuwalinda wanunuzi dhidi ya wanaowapotosha kuhusu dhamana na haki zao, na kwamba nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo. Walipokaa kimya, nikafungua kweli. Karatasi za mahakama zilipowafikia, yule meneja aliyenipa mgongo alinipigia simu mwenyewe.

Mahakama hii watu wengi hawaijui, na inaniuma, maana iliundwa kwa ajili yetu. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Sheria yake ya 2016 inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Huhitaji wakili, unasimama mwenyewe, na Kiswahili chako kinatosha. Haifungwi na kanuni kali za ushahidi, kwa hivyo video ya simu, mazungumzo ya WhatsApp, ujumbe wa M-Pesa na karatasi ya fundi, vyote unavibeba. Ndiyo sababu nawasihi mlipe kwa nambari ya till ya duka, ile ya M-Pesa yenye jina la duka lenyewe. Ukiambiwa utume kwa simu ya kijana fulani, kataa, kwa sababu ujumbe utabeba jina lake na duka litasema halimjui. Na mdai risiti ya kweli, yenye modeli na ile nambari iliyobandikwa mgongoni mwa TV.

Msichelewe tu. Mnunuzi akikaa na kitu kwa muda mrefu bila kusema anakikataa, sheria humhesabu amekikubali, na hapo haki ya kurudishiwa pesa zote hupungua ikabaki fidia. Hivyo basi usikubali TV ilazwe kwa fundi wa duka wiki baada ya wiki kwa ahadi za mdomo. Wakiichukua, waandike tarehe, waandike kasoro, waandike itarudi lini. Watakaonuna wakiombwa waandike, waache wanune. Unyonge wetu wa kuona haya mbele ya kaunta ndio unaowanenepesha, na watoto wetu wanatuangalia.

Aliyeniuliza kuhusu TV ya mtumba kutoka Uingereza: na wewe una haki, ila ubora unaodaiwa ni ule unaolingana na kitu kilichotumika na bei uliyolipa. Mkwaruzo utauvumilia, TV isiyowaka baada ya siku chache, hapana. Leo jioni mwandikie aliyekuuzia, kabla hajabadilisha nambari ya simu, na hayo mazungumzo usiyafute.