Baba mdogo, umeniuliza kuhusu Wafini na vita

Shikamoo baba mdogo. Juzi kwenye simu, ukoo mzima ukisikiliza hapo Kibosho, uliniuliza kwa nini Wafini, watu wa huku Finland, wamekimbilia NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, wakati sisi tulilelewa kutofungamana na upande wowote. Ukaongeza kwamba wamenunuliwa na Marekani. Nilikujibu juu juu. Leo nakujibu sawasawa.

Chini ya jengo ninaloishi, hapa Tampere, kuna handaki la kujikinga wakati wa vita. Mlango wake ni wa chuma, mzito. Tunaweka humo baiskeli na masanduku, ila sharti liweze kutumika ndani ya saa 72. Siku niliyoonyeshwa sikulala. Majirani wanalipita kama wewe unavyopita banda la ng'ombe.

Ghorofa ya pili anakaa bibi mzaliwa wa Viipuri, mji ulioko Urusi sasa. Alihamishwa 1944, Wasovieti walipouteka, akiwa na miaka mitano. Wafini zaidi ya 400,000 walipoteza makazi yao namna hiyo huko Karelia, eneo la mji huo. Jumamosi anaoka vimkate vya kwao, vyembamba, katikati uji wa wali, ananigongea mlango na viwili vya moto. Vita hasimulii. Anasimulia nyumba yao.

Miaka yote ya Vita Baridi watu hawa walichunga ulimi mbele ya Wasovieti, hata wakaitwa waoga. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, kumbukumbu ile ile iliyowanyamazisha ndiyo iliyowasukuma: Mei wakaomba, tarehe 4 Aprili 2023 wakaingia. Wana mpaka na Urusi wa zaidi ya kilomita 1,300. Hapana baba, hawakununuliwa.

Na sisi tulifanya vivyo hivyo, kwa kumbukumbu yetu. Mwalimu alisema 1959 kwamba tungewasha mwenge juu ya Kilimanjaro umulike hata nje ya mipaka yetu. Nchi iliyojiona hivyo ndiyo iliyovunja uhusiano na Uingereza 1965 kwa ajili ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ikawapa FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, pa kukaa. Ndiyo iliyokupeleka wewe Uganda kupigana na Idi Amin.

Kinachoniuma huku si handaki. Tarehe 6 Desemba, siku yao ya uhuru, madirisha yanawekwa mishumaa miwili miwili. Nami nawasha. Kodi nalipa, na mwanangu, kwa kuwa ni raia, akifika miaka 18 ataitwa jeshini. Lakini wakianza "babu zetu walipokuwa vitani", mimi naangalia sahani yangu. Hakuna anayenifukuza, sina tu pa kuingilia.

Majira ya baridi yaliyopita, kazini wakati wa chakula, mmoja aliniuliza, "Na kwenu?" Nikawasimulia habari zako, 1979, kutembea hadi Masaka na buti zilizopasuka. Walisahau chakula. Miaka tisa hapa, hawajawahi kuniuliza maswali mengi hivyo.

Sasa mwanangu naye anauliza, na mengine siyajui. Mrekodie sauti, baba mdogo, kwa Kiswahili, polepole. Na ile picha yako ya sare iliyo kabatini kwa mama, mwambie aipige atutumie.