Lori la hendeli lilivyowashwa

SWALI: Kwa nini hendeli ya malori ya zamani, yaani chuma cha kuzungushia injini kwa mkono ili iwake, ilivunja watu mikono? Na mbona taa zake zilififia lori likienda polepole?

JIBU: Tuchukue Ford Model TT, lori la tani moja lililotoka mwaka 1917. Kosa kubwa lilikuwa cheche kuwaka mapema. Cheche ikiruka kabla pistoni haijafika juu, moto huisukuma irudi chini, na hendeli hurudi kinyume kwa nguvu zote. Kwa hiyo wenzo wa cheche, ulio kushoto chini ya usukani, lazima upandishwe juu kabisa kwanza ili cheche ichelewe. Vuta breki ya mkono hadi mwisho, fungua mafuta kidogo kwa wenzo wa kulia, vuta waya wa choki karibu na rejeta. Kisha shika hendeli kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vingine, wala kisiizunguke, na uivute kwenda juu. Usiisukume chini kamwe! Injini ikishawaka, teremsha wenzo wa cheche.

Siku za baridi oili nzito hunatisha klachi, na lori huweza kumsogelea anayeliwasha. Dawa ni kuinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki na kuweka vizuizi kwenye mengine.

Kuhusu taa, malori yasiyo na betri yalipata umeme kutoka magneto, kifaa cha sumaku kinachozalisha umeme, iliyo kwenye gurudumu zito la injini. Mzunguko ukipungua, volti hushuka. Ndiyo maana dereva wa usiku alilazimika kukanyaga pedali ya gia ya chini ili injini izunguke haraka aone njia.