Kabla hujasema nyumba ni yako

Tumaini mwanangu,

Kamwene. Unaniuliza kama, mkitalikiana, umwachie Baba Baraka shamba la miti la Mufindi, wewe ubaki na nyumba ya Uyole, yaishe. Mliyofikia na kwa nini mmefika hapo tuliyaongea Pasaka, sitayarudia. Nijibu la mali tu.

Usikubali bado.

Miaka niliyokaa kwenye kamati ya mikopo ya SACCOS niliwaona wanawake wakitoka kwenye ndoa na nyumba mkononi, halafu baada ya muda mfupi wanakuja dirishani kuomba mkopo wa ada. Nyumba unayolala mwenyewe haikuingizii kitu. Ina kodi ya jengo mnayokatwa mkinunua umeme wa LUKU, ina ukuta wa nyuma ambao haujapigwa plasta, na mkopo wa bati bado unakatwa kwenye mshahara wako wa ualimu. Ukiichukua pamoja na deni lote, ulichopata ni thamani ya nyumba ukitoa deni lililobaki. Mwite mthamini aliyesajiliwa, mmoja tu, mumlipe wote wawili, ili asije kila mtu na bei yake.

Deni hilo usilibebe kimya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni mliyoyachukua kwa faida yenu wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Ikishayapima hayo, ielekee kwenye kugawa sawa. Bati liliwafunika wote. Tafuta hati zako za mshahara tangu makato yalipoanza.

Unasema miti ni yake kwa sababu hati ya kimila ina jina lake na yeye ndiye aliyepanda. Jina kwenye hati si mwisho wa maneno. Na wakati fedha zake zinakwenda kwenye miche na vibarua, nani alikuwa analipa chakula na ada? Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Wewe ulifanya hizo na mshahara ukaleta.

Ila thamani ya miti ndiyo ngumu, hapo soma polepole. Misindano ile ilipandwa 2016. Ukiiuza leo ikiwa imesimama, mfanyabiashara wa Mafinga atakupa bei ya miti michanga, na ataongea kana kwamba anakusaidia. Ukitaka mbao za maana unasubiri ifike miaka 15 au zaidi. Kusubiri nako kuna gharama: kupogoa, mlinzi, kusafisha njia za kuzuia moto kila kiangazi. Moto mmoja wa Oktoba, hakuna cha kugawana. Kwa hiyo mnaweza kuuza sasa kwa hasara, au mkabaki wote na shamba mkiandikiana nani analipa nini hadi siku ya kuvuna, au yeye akachukua shamba akakulipa sehemu yako kwa awamu. Mimi ningechukua hili la mwisho hata kama hesabu yake ni ndogo kidogo. Kumiliki shamba na mtu mliyeachana ni kupigiana simu za vibarua kila mwaka. Awamu zipangwe baada ya mavuno yake ya viazi, si mwezi Januari ambapo hana kitu. Afisa misitu aipime miti kabla hamjataja bei.

Matunzo ya Baraka yasiingizwe humo. Akisema "nimekuachia nyumba, basi nisidaiwe ada", kataa. Ya mtoto ni ya mtoto.

Kabla ya mahakama mtapita Baraza la Usuluhishi la Ndoa, mnaweza kwenda la kata. Kazi yao ni kupatanisha. Mzee wa baraza akianza kuwagawia vitanda na mabati, mshukuru, usisaini. Mkielewana wenyewe, yaandikeni na yafike mahakamani yawe amri. Na nyumba mnayoishi hakuna anayeruhusiwa kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Ukisikia fununu, wahi kuweka zuio kwenye ofisi ya ardhi. Hata ukiwa na wasiwasi, usianze kuhamisha fedha kwenye akaunti ya dada yako. Hakimu akiligundua hilo hatakuamini tena hata unaposema kweli.

Talaka ikishatoka, nenda ofisini kwako ukabadilishe majina ya wategemezi, kwenye mafao na kwenye bima ya afya. Hilo watu husahau sana.

Baba yako anasema barua hii ina hesabu nyingi kuliko pole. Pole nitakuja nayo mwenyewe Jumamosi, na basi la asubuhi. Uwe umetoa nakala za hati ya kiwanja, mkataba wa mkopo na ile hati ya Mufindi kama unaipata, tukae mezani tuandike.

Mama yako
Mafinga