Mwanangu, chukua filimbi

Mwanangu mpenzi,

U hali gani? Sisi huku Chicago hatujambo, ila baridi imetukalia vibaya.

Juzi kwenye simu uliniuliza: "Mama, chuo kinanitaka niwe kocha msaidizi. Nikikubali, si ndiyo nimekiri kwamba kama mchezaji nimekwisha?" Sikukujibu palepale. Nilitaka nikuandikie kwa utulivu.

Tulipotoka Bukavu tukahamia Rogers Park, sikujua kwamba mtaa huu ndio uliomlea Fritz Pollard. Alizaliwa mwaka 1894, baba yake kinyozi, mama yake mshonaji kama mimi. Katika Chuo Kikuu cha Brown alicheza futiboli ya Kimarekani na kukimbia mbio za viunzi, sawasawa na wewe. Mwili hakuwa nao. Wapinzani wakishamwangusha walikuwa wakimrukia makusudi ili wamwumize, kwa kuwa alikuwa Mweusi. Basi akajifunza kuanguka: akigusa chini tu, anajibiringisha chali, miguu juu, anaichezesha hewani kama anayeendesha baiskeli. Atakayemrukia atakutana na njumu. Mimi hapo namwona kocha kabla hajaitwa kocha, kwa sababu aliutazama mchezo uliotaka kumvunja, akautafutia dawa.

Mwaka 1920 timu yake, Akron Pros, ilitwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. 1921 akawa mmoja wa makocha wake wakuu, Mweusi wa kwanza kupewa kazi hiyo katika ligi ambayo leo ni NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Na bado alikuwa akishuka uwanjani kukimbia na mpira! Kwa hiyo hilo la "nimekwisha" silikubali. Linaloniuma ni jingine: Mweusi aliyemfuata kama kocha mkuu, Art Shell, aliteuliwa 1989, miaka 3 baada ya Pollard kufariki. Hebu fikiria ni vijana wangapi walistahili filimbi ile wakanyimwa. Wewe unapewa, mwanangu, halafu unasitasita?

Mwanawe Pollard, Fritz mdogo, alishinda medali ya shaba ya viunzi mita 110 kwenye Olimpiki ya Berlin, 1936.

Njumu zako za mwaka wa kwanza ninazo chini ya kitanda, moja imekatika kamba. Mdogo wako huzivaa kila Jumapili, zinampwaya, anaruka viti sebuleni. Kasaini, kisha uje umwoneshe mguu upi unatangulia. Mimi ameniuliza, nimeshindwa kumjibu.

Mama yako