Daftari kwanza, darubini baadaye

Neno uraibu lina maana mbili: jambo unalolifanya kwa kulipenda, na jambo lililokushinda kuliacha. Kwangu zote mbili ni kweli. Zaidi ya nusu ya maisha yangu nimepima mvua, nimetazama nyota na nimejenga ulimwengu pepe ndani ya kompyuta, na kila nikikutana na anayeanza, swali lake huwa lile lile: ninunue nini? Nunua daftari. Na penseli, maana wino hutawanyika ukipatwa na umande.

Sisemi hivyo kwa ubahili. Anayenunua darubini kabla hajaizoea anga hutazama mwezi siku tatu, kisha darubini inageuka kitu cha kutundikia nguo.

Anza na hali ya hewa, kwa kuwa haikungoji usiku. Chombo chenye kuta zilizonyooka na rula vinatosha kupimia mvua. Kiweke mahali pa wazi, mbali na paa na miti, usome kina cha maji: kila milimita 1 ni lita 1 juu ya mita 1 ya mraba. Pima saa ile ile kila siku, na siku isiyo na mvua andika 0. Usiache wazi. Daftari langu la mwanzo limejaa nafasi tupu, na leo siwezi kukuambia kama mvua haikunyesha au mimi ndiye sikuwepo.

Kipimajoto ndicho kilichonitia adabu. Nilikitundika ukutani, mahali rahisi kusomea, nikaandika miaka miwili bila kukosa. Jioni moja nikapitia kurasa na kuona jambo la ajabu: joto langu la saa kumi na moja jioni lilizidi la saa nane mchana, tena siku za jua tu. Siku za mawingu halikuzidi. Nikatoka nje nikaweka kiganja ukutani, nikakiondoa upesi. Kumbe miaka yote miwili nilikuwa napima ukuta! Kipimajoto kinataka kivuli, upepo wa kupita, na kimo cha kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini. Ndiyo maana vituo vya hali ya hewa hukiweka ndani ya lile sanduku jeupe lenye mbao za mshazari zinazopitisha hewa. Madaftari yale sikuyatupa. Nimeyaandika juu ya jalada: "Joto la ukuta."

Ukipata barometa, jihadhari na mtego mmoja. Katika nchi za tropiki mgandamizo wa hewa hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kama bahari. Hufika juu mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, hushuka mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Mimi sikujua hilo, na kila alasiri sindano ikishuka nilitangaza mvua. Walionizunguka walivumilia kama mwezi hivi. Linganisha saa kumi ya leo na saa kumi ya jana, hapo ndipo barometa inaposema kitu.

Ukiambiwa haya ni mambo ya wataalamu, mkumbuke Luke Howard. Alikuwa mtengenezaji wa dawa jijini London, na Desemba 1802 alisimama mbele ya wenzake akayapa mawingu majina ambayo mpaka leo tunajenga juu yake: kumulasi, stratasi, sirasi. William Herschel naye alikuwa mwanamuziki wakati alipoiona sayari ya Uranus, tarehe 13 Machi 1781. Watu wa ridhaa, wote wawili, ila waliandika walichokiona.

Usiku ukiingia, zima taa na uyape macho nusu saa yazoee giza. Ukiangalia simu hata mara moja unaanza upya, kwa hiyo tumia tochi nyekundu hafifu. Tafuta Kilimia uhesabu nyota zake; ukipata sita, anga yako ni nzuri vya kutosha. Programu ya Stellarium ni ya bure na itakuonyesha nini kiko wapi. Zingatia pia kwamba kila nyota huchomoza dakika 4 mapema kuliko jana yake, maana yake ile unayoiona sehemu fulani saa nne usiku leo, baada ya mwezi utaikuta pale pale saa mbili.

Chombo cha kwanza kiwe darubini ya macho mawili, 7x50 au 10x50, yaani inayokuza mara 7 au 10, yenye vioo vya mbele vya milimita 50. Ielekeze kwenye sayari ya Mshtarii, uegemeze viwiko mahali imara, uchore vitone vilivyo kandoni mwake. Kesho chora tena. Vitone vimehama, kimoja pengine hakipo. Hiyo ni miezi ambayo Galileo aliiona Januari 1610, na ule wa ndani kabisa kati ya minne huzunguka kwa muda usiotimia siku mbili. Nilipoona michoro yangu haifanani nilidhani nimekosea kuchora. Baadaye, ukitaka darubini kubwa, uliza upana wa kioo chake, usiulize inakuza mara ngapi. Na usiielekeze kwenye jua bila kichujio chake maalumu kilichofungwa mbele ya darubini. Jicho huungua bila hata kuuma.

Sasa, uraibu wa tatu, ule wa ulimwengu pepe, kazi yake ni kuzisuta zile mbili za kwanza. Nilijenga kisiwa ndani ya kompyuta: usiku wa manane, bahari shwari, mwezi mwandamo utosini mkubwa kama sinia, na nyota moja ikimeta katikati ya pembe zake. Nilijivuna. Akaja mgeni, avata yake, yaani umbo linalomwakilisha humo, ikasimama ufukweni kimya, kisha akaandika: "Jua lako limeenda wapi?"

Nikadhani anatania. Mwezi mwembamba hauachani na jua. Likizama, nao haukawii. Usiku wa manane hauwezi kuwa utosini. Nyota yangu nayo ilikuwa inang'aa kupitia mwamba, kwa sababu upande wa giza wa mwezi upo pale pale, haujaangazwa tu. Na ukubwa je? Nyoosha mkono uinue kidole cha mwisho: ncha yake huufunika mwezi wote na nafasi ikabaki. Nilikuwa nimeutazama mwezi halisi miaka kumi, ila sikuwahi kuuchora.

Nchi kavu ya ulimwengu pepe nayo ifuate sheria za ile halisi. Mito huungana ikishuka, ni nadra kugawanyika. Joto hupungua kwa wastani wa digrii 6.5 kila ukipanda mita 1000, na upande wa mlima usioelekea upepo wenye mvua huwa mkavu. Panga hayo kabla ya kupanda mti mmoja.

Kisiwa kile hakipo tena. Kampuni iliyoendesha ulimwengu ule ilizima seva, na hapakuwa na njia ya kutoa tulichojenga. Tangu hapo najenga kwa Blender, programu ya kuundia maumbo, na Godot, programu ya kutengenezea michezo, za bure zote, na mafaili yanakaa kwenye diski zangu mbili. Madaftari ya mvua hayakuhitaji ruhusa ya mtu.

Katika ulimwengu wangu wa sasa nimeiweka Algol, nyota ambayo mwenzake hafifu hupita mbele yake kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49, ikafifia kwa saa kadhaa kisha ikarudi. Utaiona kwa macho matupu ukiilinganisha na jirani zake. Saa ya kufifia nimeichukua kwenye daftari langu, si kwenye majedwali, kwa hiyo inachelewa kama dakika 12: usiku niliopima, wingu lilipita katikati. Sijairekebisha.