Taa ya chekenjini kwenye pikapu: usinunue EGR (vali ya kurudisha moshi kwenye injini) kabla hujaifungua iliyopo

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pikapu ya dizeli dabo kebini, cc 2500, imetembea kilomita 240,000 hivi, nabeba nyanya Ilula napeleka sokoni Iringa mjini karibu kila siku. Mwezi sasa taa ya chekenjini imewaka haizimi, na juzi nilishuka Ruaha Mbuyuni kuchukua vitunguu, kurudi kupanda mlima Kitonga gari likawa zito kabisa, moshi mweusi nyuma mpaka mwenye lori akawa ananipigia honi. Fundi wa kwanza alipima na mashine ikasoma kosa namba P0401, akalifuta, siku mbili taa ikarudi. Wa pili anataka laki nane na nusu aniletee EGR ya mtumba. Wa tatu anasema tuizibe EGR kwa kipande cha bati na waya wa taa tukate, elfu thelathini tu. Hela yenyewe ndo mtaji, nifanyeje?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Laki nane usitoe kwanza, na huyo wa bati mwambie asiguse gari.

P0401 haisemi EGR imekufa. Inasema moshi unaorudishwa kwenye injini ni mchache kuliko kompyuta ilivyotegemea, basi. Kazi ya EGR ni kuchota moshi kidogo wa ekzosi na kuurudisha kwenye hewa inayoingia ili moto wa ndani usiwe mkali kupita kiasi, maana ukizidi sana naitrojeni na oksijeni za kwenye hewa zinaungana zinatoa gesi inayochoma mapafu, na anayeanza kuumia ni mtoto mwenye pumu aliyekaa kando ya barabara yako ya kila siku. Sasa kompyuta haina jicho la kuuona huo moshi. Kwenye dizeli nyingi za aina hii inaangalia sensa ya hewa iliyo baada kidogo ya ea klina (chujio la hewa), EGR ikifunguka hewa safi inatakiwa ipungue, isipopungua inaandika kosa. Sensa ikijaa vumbi inatoa hesabu ya uongo na EGR inasingiziwa.

Ila kilichonishtua mimi kwenye barua yako ni ule moshi wa Kitonga. Ukikanyaga mafuta mpaka chini mlimani EGR inatakiwa ifunge kabisa. Ingekuwa imegandia ikiwa imefunga, taa ingewaka lakini gari kwa kawaida lisingekuwa zito hivyo. Moshi mweusi ni mafuta mengi hewa kidogo, kwa hiyo nahisi moja ya haya: ulimi wa EGR umegandia nusu njia haufunguki vizuri wala haufungi, au masizi yamebana njia ya hewa yote kwenye manifodi (bomba linaloigawia injini hewa), au kuna mpira wa tabo (feni inayoisukumia injini hewa) unavujisha hewa. Vyote hivyo vinaonekana kwa macho, hakuna hata kimoja cha laki nane.

Anzeni na rahisi. Ea klina itolewe iangaliwe kwenye mwanga, kwa vumbi la mashambani huko siishangai ikiwa imeziba. Mipira ya tabo mpitishe mkono chini yake, penye ufa utakuta unyevu wa oili, na mtu akipiga resi utasikia hewa inatoka fyuuu. Sensa ya hewa ina skrubu mbili tu, itoeni mpulizie spreyi yake yenyewe ya sensa, msiipanguse kwa kitambaa wala kidole kwa sababu kile kiwaya cha ndani ni chembamba sana, iacheni ikauke ndo irudi.

Halafu mvue EGR injini ikiwa imepoa. Mwaka jana nilifungua moja ya mteja aliyekuwa ameshaagiza mpya, tundu la kupita kidole gumba lilikuwa limebaki la kupita penseli, masizi yameshikana na mvuke wa oili yamekuwa kama lami iliyokauka, niliyakwangua nikajaza kopo la maziwa ya unga. Tukaweka gasketi mpya, gari likapanda mlima, ile mpya akairudisha dukani. Kwangueni kwa kijiti mpulize na kabureta klina, na tundu la upande wa injini liwekwe kitambaa vipande visidondokee ndani. Kama ni ya vakyumu (inayofunguliwa kwa kunyonywa hewa), nyonya kile kimpira chake, ulimi unatakiwa upande na ubaki juu, ukishuka wenyewe diaframu, kile kiwambo cha ndani, imetoboka. Kama ni ya umeme usiulazimishe ulimi kwa bisibisi, ndani kuna gia za plastiki utazivunja hapo ndo utanunua kweli.

Mkimaliza futeni kosa, endesha wiki moja. Ikirudi P0401 ile ile na kila kitu ni kisafi, hapo sasa EGR nyingine inazungumzika, na idai ijaribiwe kwenye gari lako kabla hujalipa.

Bati silikubali kwa sababu moshi unaorudi utakuwa sifuri, kompyuta itaandika kosa lile lile. Ndo maana anataka na waya wa taa akate! Siku sensa nyingine au mfumo wa mafuta ukianza kuharibika utajulia wapi? Na wakati wa kupakia nyanya zima gari, kungurumisha saa nzima bila mzigo ndo kunaleta masizi hayo.

SWALI: Kaka fundi, nipo Houston Marekani, pikapu yangu ya petroli ya 2012 inasoma kosa P0455. Huku bila kupita kipimo cha moshi usajili wa gari huupati. Rafiki yangu aliifuta asubuhi nikaipeleka mchana wakaikataa japo taa imezima.

JIBU: Pole dada. Ukifuta kosa unafuta na kumbukumbu za kompyuta kujipima yenyewe, mashine yao inaona gari halijamaliza kujipima. Gari la 2001 kuja juu linaruhusiwa sehemu moja tu ya kujipima huko iwe bado. P0455 ni mvuke wa petroli unavuja pakubwa, kwa hiyo angalia kifuniko cha tangi kwanza, ule mpira wake ukiwa na ufa nunua kipya, ukifunga uzungushe mpaka kilie klik. Halafu endesha siku kadhaa, tangi likiwa kati ya robo na robo tatu, asubuhi uwashe gari likiwa limelala usiku kucha, uchanganye barabara kuu na ya mtaani. Kabla hujarudi chomeka kipimo cha bluetuthi cha kusoma kompyuta ya gari uone sehemu zote zimekamilika. Ikiwaka tena na kifuniko ni kipya, waambie mafundi wapulize moshi wa kupimia kwenye mipira ya tangi na kopo la mkaa linalonasa mvuke wa petroli, pale panapotokea moshi ndo pamepasuka.